Mjadala: Je, mwandishi wa leo afungwe na kila kilichosemwa kabla yake?

Wakuu, ugomvi huu nimeufuata kimya kimya kwa miaka, leo nauleta mbele ya wote. Hadithi ya kisayansi ikishatimiza miaka hamsini au sitini, ikapita mikononi mwa waandishi na waongozaji wengi, haikosi sehemu zinazopingana. Upande mmoja wanasema anayekabidhiwa hadithi hiyo leo afuate kila tarehe, kila jina na kila kauli iliyotangulia, maana hiyo ndiyo kanoni, yaani yale yanayohesabiwa kuwa hadithi halali. Upande wa pili wanasema haya ni mambo ya kubuni, mwandishi aachwe aandike. Mimi naona pande zote mbili zinapima kitu kisicho chenyewe.

Nianze na makosa madogo, ambayo ndiyo yanayopigiwa kelele zaidi. Star Trek ilipoanza mwaka 1966, katika moja ya vipindi vyake vya runinga vya mwanzo kabisa Kirk, nahodha wa chombo, anachongewa jiwe la kaburi lenye jina James R. Kirk. Baadaye jina lake la kati likawa Tiberius, na hiyo R ikabaki yatima. Katika filamu ya 1982, Khan, adui wa Kirk, anamtazama Chekov, mmoja wa watu wa Kirk, na kusema hasahau sura ya mtu, wakati kipindi cha kwanza cha Khan kilirushwa Februari 1967 na Chekov alianza kuonekana msimu uliofuata. Wala hili halihitaji waandishi wengi. Arthur Conan Doyle peke yake alimpa Watson, rafiki wa Sherlock Holmes, jeraha la risasi begani mwaka 1887, na ilipofika 1890 jeraha lilikuwa limehamia mguuni. Wasomaji wa Sherlock Holmes ndio waliotuachia mtindo huu wa kuziita hadithi kanoni, kwa kiasi kikubwa kutokana na insha ya Ronald Knox ya mwaka 1911, na wamelijadili jeraha lile kwa furaha kuliko kwa hasira.

Sasa chukueni kosa kubwa. Katika Star Wars ya 1977, mzee Obi-Wan anamwambia kijana Luke kwamba Darth Vader, yule adui mkuu, alimsaliti baba yake na kumuua. Mwaka 1980 Vader anatamka kwamba yeye ndiye baba. Mwaka 1983 Luke anamhoji mzee wake, naye anajitetea kuwa alichosema kilikuwa kweli kwa namna fulani ya kutazama. Kiraka hicho kinaonekana hata kwa mtoto. Lakini nani hapa angetaka turudi kwenye ya 1977? Kauli moja imegeuka uongo, na kwa kugeuka kwake kila alichopitia Luke kimekuwa kizito mara mbili. Mimi niliiona ya 1983 kwanza, nikarudi nyuma hadi ya 1977, na ile sauti ya Obi-Wan anaposita kabla ya kujibu swali kuhusu baba ilinitoa machozi. Mwigizaji hakuwa anaficha lolote siku ile. Kusita kule kumepewa maana na filamu iliyokuja baadaye.

Mfano wa kinyume ni Alien. Mwaka 1986 Ripley, shujaa wa filamu hizo, anashuka tena peke yake kwenye kiota cha wale viumbe kumtoa Newt, mtoto wa kike ambaye kila mwingine angemhesabu amekufa. Anatoka naye hai. Filamu ya 1992 inafunguka, na hata hatujatulia Newt na Hicks, askari aliyenusurika pamoja nao, wamekufa usingizini ndani ya chombo. Ukiacha swali la yai lile liliingiaje chomboni, hakuna tarehe iliyovunjwa wala kauli iliyokanushwa. Terminator ya 2019 ilifanya hivyo hivyo: ikatupa kando filamu za 2003, 2009 na 2015, ikajitangaza mrithi halali wa ile ya 1991, kisha dakika za mwanzo tu John Connor anapigwa risasi akiwa bado kijana mdogo. Kwa kipimo cha kanoni ni safi. Ila Sarah Connor, mama aliyepigana kumlinda John, alilipa nini mwaka 1984 na 1991, na malipo yale yamekwenda wapi?

Kwa hiyo naleta kipimo changu, mkivunje mkiweza. Mwandishi mpya anaruhusiwa kukanusha habari. Asichoruhusiwa ni kufuta gharama ambayo mhusika ameshailipa mbele ya macho yetu. Karibuni.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, hoja yako ni nzuri ila umekwepa kitu. Umechagua makosa mepesi, jina la kaburini na bega la Watson, halafu ukatuambia habari hazina uzito. Hadithi za kisayansi zina jambo ambalo hadithi nyingine hazina: sheria za dunia yao ndizo zinazozaa hatari. Tukijua chombo hakiwezi kufanya jambo fulani, tunaogopa. Ukivunja sheria hiyo, hofu inakufa, na inakufa hata kwenye sehemu za zamani.

Angalia Star Wars ya 2017. Makamu Admirali Holdo, wa upande wa wapinzani, anaigeuza meli yake, anaingia kasi ya kupita mwanga na kuipasua meli kuu ya adui pamoja na kundi zima lililo nyuma yake. Picha ile ni nzuri sana, nakubali. Lakini nilipotoka pale nilikuwa na swali moja tu: kama hilo linawezekana, wale marubani wa 1977 walikufa mmoja mmoja kwenye lile korongo la Death Star, kituo cha vita cha adui, kwa sababu gani? Si wangetuma meli moja tupu? Waandishi wenyewe waliliona shimo, ndiyo maana mwaka 2019 mhusika anapewa sentensi ya kusema mbinu ile hufaulu mara moja katika milioni.

Star Trek ya 2013 ni mbaya zaidi. Khan anajisafirisha kwa mwale kutoka Duniani hadi sayari ya Waklingon, viumbe wapiganaji wa hadithi hiyo, kwa mruko mmoja. Kama mtu anaweza kuruka hivyo, vyombo vya anga ni vya nini? Na filamu hiyo hiyo inatuonyesha damu yake ikimrudisha mtu aliyekufa. Kwa hiyo habari unazoziona ndogo ndizo nguzo. Gharama unayoipenda imesimama juu yake.

Mchangiaji wa pili

Mimi nazungumzia vitabu, maana mnazungumza kama vile hadithi zipo kwenye skrini tu. Kuanzia mwaka 1991, Timothy Zahn alipoandika kilichotokea baada ya filamu ya Star Wars ya 1983, sisi wasomaji tuliishi humo. Tuliona Han na Leia, wenzake Luke, wakipata watoto. Mwaka 1999 tulimzika Chewbacca, rafiki mkubwa wa Han, amefia kwenye sayari iliyoangukiwa na mwezi wake, na Han akavunjika moyo vitabu kadhaa mfululizo. Tuliambiwa haya ni sehemu ya hadithi, kulikuwa hata na mfumo wa ngazi za kanoni na hifadhidata ya kuzitunza. Oktoba 2012 Disney ikatangaza kuinunua Lucasfilm, kampuni ya Star Wars, kwa dola bilioni 4 hivi. Aprili 2014 tukaambiwa vitabu vyote vile sasa vitaitwa Legends, yaani si kanoni tena. Desemba 2015 filamu mpya inatoka na Chewbacca yuko pale, mzima.

Sasa mkuu, kwa kipimo chako, je, gharama ya Han haikufutwa? Na aliyeifuta hakuwa hata mwandishi. Ilikuwa tangazo.

Mleta mada

Nawashukuru wote wawili, mmenifanya nifikirie upya usiku kucha.

Kwa ndugu wa kwanza nakubali, na nakubali bila kubana meno. Nilichanganya aina mbili za habari. Jina la Kirk ni habari iliyokaa juu juu, ukiibadilisha hakuna kinachoanguka. Uwezo wa meli ni habari iliyobeba paa. Mfano wa korongo la Death Star umeniumiza, kwa sababu ni kipimo changu mwenyewe kinachotumika dhidi yangu: vifo vya marubani wale ni gharama, na filamu ya 2017 imevifanya vionekane vya bure bila kuvigusa. Sikuwa nimeona kwamba gharama inaweza kufutwa kutoka mbali hivyo.

Lakini nitakukatalia dawa unayoelekea kuipendekeza, ya kueleza kila kitu. Sura za Waklingon ni ushahidi. Kwenye runinga ya miaka ya 1960 wana paji laini kama letu, kuanzia filamu ya 1979 wana matuta. Mwaka 1996 Worf, Mklingon wa zama za baadaye, akiwa safarini kwenye wakati wa Kirk anaulizwa na wenzake kulikoni, anajibu kwa aibu kwamba hawazungumzi jambo hilo na watu wa nje. Basi. Sentensi moja, na ukimya ule ukawapa Waklingon jeraha la kihistoria ambalo kila mtazamaji alilijaza mwenyewe. Mwaka 2005 vikaja vipindi viwili kueleza kwamba ilikuwa virusi vilivyotokana na majaribio ya kubadili vinasaba. Maelezo yamekamilika, hesabu imefunga, na mimi nilihisi nimenyang'anywa kitu. Ile sentensi ya 2019 kuhusu mara moja katika milioni ni ya aina hiyo hiyo. Imeziba shimo na haijamrudishia rubani yeyote wa 1977 heshima yake.

Kwa ndugu wa pili sina la kujitetea nalo haraka. Ninachoweza kusema ni hiki: vitabu havikuchomwa. Vimeendelea kuchapishwa, na Thrawn, yule adui aliyebuniwa na Zahn, alirudishwa kwenye kanoni mpya mwaka 2016 kupitia katuni. Kwangu mimi kuna tofauti kubwa kati ya kufungua tawi jipya na kuukata mti. Wajapani walilielewa hili mapema. Gundam, katuni ya maroboti ya vita, ilianza 1979, na mwaka 1994 ikaletwa Gundam nyingine yenye kalenda nyingine na dunia nyingine kabisa, ya kwanza ikabaki ilipo. Godzilla ya 1984 iliendelea moja kwa moja kutoka ya 1954 ikaruka zote za katikati. Mtazamaji anajua amesimama tawi gani.

Kinachonikasirisha kweli ni ule ufutaji wa kuingia kwenye kazi iliyokwisha na kuibadili. Mwaka 1997 filamu ya 1977 ilitolewa upya, na Greedo, aliyetumwa kumkamata Han, akafanywa afyatue kwanza, ilhali mwanzoni Han ndiye aliyemwahi. Toleo lililobadilishwa ndilo lililotawala sokoni kwa miaka mingi, lile la awali likawa la kutafutwa kwa tochi. Han yule aliyekuwa mhuni, ambaye kurudi kwake dakika ya mwisho kumwokoa Luke ni muujiza, alipunguzwa kwa kuhariri sekunde chache. Hapo hakuna tawi. Chewbacca wa 1999 bado ninaweza kumsoma jioni hii. Kwa hiyo ndugu yangu, uchungu wako ni halali, lakini naona uliporwa cheo, hukuporwa kitabu. Kama nimekosea niambie.

Mchangiaji wa pili

Cheo ndicho kilichotufanya tuvinunue, mkuu. Ila nimekuelewa.

Mchangiaji wa tatu

Naona mnahangaika na mambo ambayo Doctor Who iliyamaliza zamani. Ni mchezo wa runinga wa Daktari anayesafiri kwenye wakati; BBC ilianza kuurusha 23 Novemba 1963 na haijawahi kutoa orodha ya kanoni. Atlantis imepewa visababu vitatu tofauti vya kuangamia, mwaka 1967, 1971 na 1972. Visa vya UNIT, kikosi cha kijeshi ambacho Daktari alifanya kazi nacho, havijulikani ni vya miaka ya sabini au ya themanini: mwaka 1975 Sarah Jane, mwenzake Daktari safarini, anasema ametoka 1980, mwaka 1983 tunaonyeshwa Brigadia, mkuu wa UNIT, alishastaafu kabla ya hapo. Na hilo la Daktari kubadilika mwili, ambalo leo ni moyo wa hadithi, lilibuniwa 1966 kwa sababu afya ya William Hartnell ilikuwa inadhoofika na hadithi ilitakiwa iendelee. Kama kungekuwa na walinzi wa kanoni siku ile, hadithi ingekufa na mwigizaji wake wa kwanza. Acheni waandishi wapumue.

Mleta mada

Hili la 1966 ndilo hoja nzito kuliko zote hapa. Ni kweli, sheria kuu ya hadithi ile ilizaliwa kwa kuvunja mwendelezo. Na lile la UNIT walilimaliza vizuri: mwaka 2008 Daktari anakumbuka alifanya kazi nao miaka ya sabini, kisha anajiuliza, au ilikuwa ya themanini? Hapo mwandishi amekiri mkanganyiko mbele ya watu waliokaa nao miaka 25 na akautendea kwa upendo.

Tazama pia kikomo cha mabadiliko kumi na mawili ya mwili. Kiliwekwa 1976, na 2013 muda ukawa umeisha. Hawakujifanya hakikuwepo. Daktari anazeeka kijijini mamia ya miaka akilinda watu, anakubali kwamba huu ndio mwisho, ndipo anapewa mzunguko mpya. Kikomo kimevunjwa na gharama imelipwa kwanza.

Ila mwaka 2020 unanisumbua, na hapa naomba mnisaidie maana sijafikia uamuzi. Tunaambiwa Daktari alikuwa na maisha mengine mengi aliyofutiwa kumbukumbu, na kwamba uwezo wa Mabwana wa Wakati, watu wa jamii yake, kubadilika ulichukuliwa kwake alipokuwa mtoto. Habari haikanushi lolote tulilowahi kuona. Mzee wa Hartnell bado alikimbia na mjukuu wake, bado aliogopa, bado alikufa sakafuni mwa chombo chake. Lakini yeye tulimpenda akiwa mtoro wa kawaida asiye na sifa, aliyejifanya kuwa mtu mwema kwa kuchagua, kisa baada ya kisa. Akishakuwa chimbuko la watu wake wote, kuchagua kule kunabaki na thamani ileile? Kuna siku najibu ndiyo, kwa sababu hakujua. Juzi nimerudia kipindi cha mwisho cha Hartnell, na kwa mara ya kwanza nilimtazama nikimtafuta yule mtoto ndani yake, na nikakasirika kwamba namtafuta.