Tupeane uzoefu: siku moja, maporomoko zaidi ya moja, wewe na rafiki yako

Mwenda Pole (Dar es Salaam)

Wakuu, habari za Jumatatu. Juzi nimezunguka maporomoko matatu ya Marangu, Kilimanjaro, na rafiki yangu wa tangu sekondari, na tangu nirudi sina jingine la kuongea. Kama umewahi kutembea maporomoko mawili matatu kwa siku moja na mtu wako wa karibu, karibu useme ulikwenda wapi na mlikuta nini njiani. Naanza mimi.

Rafiki yangu alipasuliwa goti mwaka jana. Kabla ya hapo yeye ndiye alikuwa anatangulia kila mahali, mimi nyuma nahema. Safari hii alinipigia mwenyewe: "Ndugu yangu, nataka nijue kama hili goti ni langu au la kuazima." Ijumaa tukalala Moshi. Asubuhi mapema tukapanda gari la Marangu, likapita Himo, likakata kushoto kuanza kupanda. Pale Himo ni joto na vumbi. Dakika chache juu, migomba imeanza, kahawa imeanza, abiria wanafunga madirisha mmoja mmoja.

Marangu Mtoni tukampata kijana mwenyeji wa kutuongoza. Swali lake la kwanza halikuwa hela. Aliuliza: "Nani kati yenu anatembea taratibu?" Rafiki yangu akanyoosha mkono. Kijana akasema, "Basi wewe utakaa mbele, sisi tutakufuata." Nimetembea milima mingi na vikundi vingi na sijawahi kuona mtu akipanga hivyo. Siku zote mwenye nguvu anatangulia, mnyonge anaburuzwa, na akifika pale wenzake walipopumzika ndipo wanaposimama waondoke. Huyo hapumziki siku nzima.

Tulianza na Ndoro. Ngazi zinashuka hadi chini, maji yanaanguka ukutani huku kangaga na majani ya porini yanatikisika kila upande. Tukakaa kidogo, tukapanda. Pili Kinukamori, ambayo iko karibu tu na Mtoni na ndiyo watu wengi wanaijua kwa sababu ya kisa cha Makinuka. Wenyeji wanasimulia kuwa alikuwa binti aliyepata mimba kabla ya kuolewa, zama ambazo adhabu yake ilikuwa kifo. Akaja hapa ajitupe. Alipofika ukingoni akabadili mawazo, akageuka arudi nyumbani, akakutana uso kwa uso na chui. Kwa hofu akarudi nyuma, akaanguka. Sanamu yake na ya chui zipo pale. Rafiki yangu ana mabinti wawili. Alisimama mbele ya ile sanamu muda mrefu, kisha akasema, "Alikuwa anarudi nyumbani." Hakuongeza neno.

Kutoka hapo kwenda Kilasia ndipo penye utamu, kwa sababu unapita katikati ya vihamba vya watu, yaani mashamba ya migomba na kahawa yanayozunguka nyumba. Unaamkia, unaitikiwa, mtoto anakusindikiza mpaka mwisho wa shamba lao. Na unatembea sambamba na mfongo. Kwa asiyejua, mfongo ni mfereji wa jadi wa Wachagga unaochukua maji ya mto huko juu na kuyapitisha ubavuni mwa mlima mpaka mashambani. Ilikuwapo kabla Wajerumani hawajatia mguu. Huu tuliokuwa nao ulikuwa na upana wa shubiri mbili hivi, maji meupe yanakwenda bila kelele. Sehemu moja tukamkuta mzee akifungulia maji ya zamu yake. Aliondoa kipande cha shina la mgomba kilichozibwa kwa matope na majani, akakihamishia upande wa pili, na maji yakageuka yakaingia shambani kwake. Kitendo cha dakika moja. Rafiki yangu ni fundi bomba, miaka kumi na tano kazini. Alichuchumaa pale na goti lake akaangalia kile kipande cha mgomba kama anasoma barua.

Kilasia sasa. Korongo lake ni la kushuka kwelikweli, udongo una utelezi, na mvua za masika zilikuwa zimeisha juzijuzi tu. Kijana akakata fimbo, akampa. Rafiki yangu akashuka kiupande, mguu mzima kwanza, mguu wa goti unafuata, mkono mmoja kwenye mizizi. Watu wawili walitupita. Sikusema kitu, na kwa mara ya kwanza sikuwa na haraka. Chini kabisa kuna upepo unaotoka kwenye maji yenyewe, unakupiga usoni na manyunyu mpaka nyusi zinadondosha. Huwezi kusikia mtu akiongea. Yeye akakaa juu ya jiwe, akavua kiatu, akakunja suruali, akaingiza mguu mpaka lile kovu likazama. Kisha akanivuta sikio karibu na mdomo wake akapaza sauti: "Ni langu!"

Tulipanda tukala ndizi nyama kwa mama mmoja Mtoni, tukarudi Moshi jioni. Haya, zamu yenu.

Binti wa Uru

Mkuu umenigusa kwenye mfongo. Mimi ni mzaliwa wa Materuni, Uru, mlima huohuo ila magharibi ya huko Marangu. Poromoko letu ni refu, mita 80 hivi, na ukitoka kijijini unatembea kama saa moja kwa mwendo wa mgeni.

Nilimleta rafiki yangu tuliyekuwa tunapanga naye Sinza. Nilimwambia alete raba zenye meno, akaja na sendo nzuri za mjini. Kumrudisha sikuweza. Mama yangu akamtolea buti zake za shambani, zilizomzidi namba mbili, akaweka soksi za sufu mbili ndani. Yule dada alipanda na buti za mama yangu mpaka kwenye maji na kurudi. Tulipofika nyumbani tukakaanga kahawa kwenye chungu, tukaitwanga kwa kinu huku tunaimba, akanywa kikombe cha kahawa aliyoitwanga mwenyewe. Mpaka leo akipiga simu salamu ya kwanza ni ya mama, mimi baadaye.

Neno moja kwa wanaokwenda. Maji yale ni baridi mno, yanatoka juu mlimani. Usikimbilie kusimama chini kabisa ya maporomoko, maana maji yanaweza kushuka na jiwe au tawi. Ogelea pembeni, na mwenyeji akisema leo hapana, ni hapana.

Mwalimu wa Ifakara

Naleta yangu ingawa hainipi raha.

Maporomoko ya Sanje, Hifadhi ya Milima ya Udzungwa. Wengi mmeyaona mkiwa barabarani mkitokea Kidatu kuja Ifakara, uzi mweupe unaoning'inia msituni juu ya mashamba ya miwa. Kwa jumla ni mita 170 kwa hatua tatu, kwa hiyo ukipanda hadi juu unapata maporomoko matatu ndani ya njia moja. Hifadhi hii ilianzishwa 1992 na ndani yake hakuna barabara ya gari, kila kitu ni mguu. Ukiwa kimya unasikia nyani na mbega juu ya miti. Yupo pia mangabe wa Sanje, aina ya kima, ambaye wanasayansi walimtambua 1979 tu, wakati wanakijiji walikuwa wanamjua siku zote.

Nilikwenda na rafiki yangu tunayefundisha shule moja. Mimi nilikuwa na mazoezi, nakimbia kila asubuhi. Nikatangulia. Nikawa nafika kwenye kona, namngoja, akitokea tu naondoka. Hivyohivyo Mwenda Pole alivyosema, neno kwa neno. Kwenye kituo cha kwanza, pale unapoona hatua ya juu ya maji imekukabili, nilishakula chapati zangu zote kabla hajafika. Alipofika midomo imebadilika rangi. Askari wa hifadhi aliyekuwa nasi ndiye aliyegundua, akamkalisha, akamlegeza vifungo vya shati, akamwambia apumue taratibu kwa pua. Kumbe ana pumu tangu utotoni. Miaka minne tunakaa ofisi moja, meza zinatazamana, na sijui. Dawa yake ya kuvuta alikuwa nayo mfukoni ila aliona aibu kuitoa mbele yangu kwa jinsi nilivyokuwa naenda kama nashindania kombe.

Hatukufika juu. Tulikaa hapohapo saa nzima na zaidi, na hapo ndipo aliponisimulia mambo ya kwao, ya mama yake, ya kulala wodini kila msimu wa baridi alipokuwa mdogo. Nilimwomba radhi pale pale. Tulirudi tena mwaka uliofuata, yeye mbele. Ile bwawa ya juu ina maji ya kijani, unaona mpaka kokoto za chini. Tuliogelea mpaka vidole vikakunjamana.

Mluguru wa Mjini

Fupi tu, kutoka Morogoro. Sisi tuliokulia chini ya Uluguru tunafundishwa kitu kimoja na bibi zetu: angalia rangi ya maji. Mvua inaweza kunyesha huko juu kileleni, wewe chini una jua kali, unaoga, unapiga picha. Maji yakianza kuwa na tope kidogo, yakaanza kuleta majani mabichi na vijiti, au sauti ya mto ikabadilika, toka. Usirudi kuchukua viatu. Mimi na mwenzangu tulitoka mtoni hivyo mwaka jana, begi likabaki kwenye jiwe. Tukiwa juu ya ukingo, lile jiwe halionekani tena. Begi lilikuwa na simu mbili na funguo za nyumba. Namshukuru Mungu kwa bibi yangu.

Wa Njia ya Thika

Habari zenu kutoka Kenya. Huku kwetu kuna ziara rahisi kabisa ya siku moja kutoka Nairobi. Unashuka Thika, unaona maporomoko ya Chania na ya Thika, mito miwili tofauti lakini umbali ni wa kutembea tu. Halafu unachukua matatu barabara ya Garissa mpaka karibu na Ol Donyo Sabuk, unaona yale wanayoita Fourteen Falls kwenye mto Athi. Maji yanajigawa kwenye miamba, ni vijito vingi vinaanguka pamoja, na wakati wa mvua vinaungana vyote vinakuwa ukuta mmoja.

Mimi na beste wangu tulifanya hiyo safari mwezi wa nane. Chania ilikuwa safi, tulikaa tukala mahindi ya kuchoma. Fourteen Falls nilihuzunika, na lazima niseme. Athi inapokea maji ya mito inayopita Nairobi, na ilileta kila kitu ambacho jiji limetupa. Chini ya maporomoko kulikuwa na povu jeupe limekauka kwenye mawe, chupa za plastiki zinazunguka kwenye mkondo bila kutoka, na harufu. Vijana wa pale wanaopiga mbizi kuonyesha wageni walikuwa wanaruka ndani ya maji hayo ndio wapate riziki. Beste wangu alikuwa amebeba taulo ya kuogelea. Hakuitoa kwenye begi. Aliwapa wale vijana pesa wasiruke.

Nasema hivi kwa sababu mkituma picha za maji meupe ya Marangu na Sanje, jueni mna kitu. Walindeni wale wazee wa mifongo.

Wa Muscat, asili Unguja

Assalaam alaykum. Mie niko Oman mwaka wa kumi na mbili. Wengi hamjui huku kuna maporomoko. Yapo Dhofar, Salalah, msimu wa kharifu, kuanzia mwisho wa Juni mpaka Septemba. Muscat mwezi wa saba joto linapita digrii 40, unatoka nje unahisi umefungua tanuri. Unapanda ndege unashuka Salalah, unakuta ukungu, manyunyu, milima yote kijani.

Nilikwenda na shoga yangu tuliyesoma naye skuli moja Unguja, na yeye sasa yuko Dubai. Miaka sita hatujaonana. Tukakodi gari, asubuhi Ain Khor, kisha Ain Athum, jioni Wadi Darbat. Ain maana yake chemchemi, na kwenye kharifu zile chemchemi zinageuka maporomoko. Ain Athum maji yanateremka kwenye miamba iliyoota majani, watu wametandika mikeka chini, chai inapita kwenye birika. Na sie tulitandika. Nilibeba visheti nilivyokaanga mwenyewe.

Ngamia wakatokea kwenye ukungu, wanakula taratibu, wamelowa. Shoga yangu akanyamaza, akavuta pumzi ile harufu ya udongo, akanambia, "Hii ni harufu ya Kizimbani kwetu Unguja baada ya mvua." Tukalia sote wawili, visheti mkononi. Mabuibui yamelowa chapachapa na hakuna aliyesema turudi garini.

Mwenda Pole (Dar es Salaam)

Nimesoma zote mara mbili, na nimemsomea rafiki yangu kwenye simu. Mwalimu, anakusalimia sana. Amesema mtu aliyerudi mwaka uliofuata akakaa nyuma, huyo ni wa kutembea naye popote.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunakwenda Materuni, yeye mbele. Binti wa Uru, hivi nyumbani kwenu tukipanda ni upande gani? Anataka kuuona mfongo wenu, na ana maswali kuhusu yale mageti ya mgomba.

Binti wa Uru

Kushoto, mkishapita daraja la miti. Kuna mgomba umeinamia njiani, lazima muiname kupita. Mama yuko hapo, nimeshamwambia. Anauliza rafiki yako anavaa buti namba ngapi.