Kupitisha kamera kwenye tundu la mpira wa kulishia

Binti wa Kiboriloni, Moshi
Shikamooni wakubwa. Baba yangu alitibiwa saratani ya koo kwa mionzi, na tangu hapo umio umebana kiasi kwamba hata mate anayatemea kwenye kikopo. Analishwa kwa mpira uliowekwa tumboni miezi mingi iliyopita. Kamera ya mdomoni ilikwama, na sasa daktari anataka kuipitisha kwenye tundu la mpira ipande kuelekea kooni. Ndugu wanahofia kwamba tundu litaharibika. Je, jambo hili hufanyika kweli?

Muuguzi, Njiro, Arusha
Hufanyika, mdogo wangu. Mpira wa saizi 24 una unene wa milimita 8, ilhali kamera nyembamba ina 5 au 6, hivyo hupita pasipo kuchana kitu. Hatari ipo kwa tundu changa, ambalo tumbo bado halijashikamana na ukuta wa nje, kwani likisukumwa huachana na uchafu ukamwagikia ndani. La baba limeshakomaa. Hakikisheni tu kwamba mpira wa kubadilishia upo tayari mezani, maana tundu likiachwa wazi huanza kujifunga ndani ya saa chache.

Daktari mstaafu, Moshi
Kovu la mionzi linapoficha njia kwa juu, upenyo uliobaki huweza kuonekana kutoka chini. Waya mwembamba hupenyezwa hadi ukatokea mdomoni, kisha vipanuzi huteremshwa juu yake kidogo kidogo, kwa vikao kadhaa. Anayeahidi kumaliza kwa siku moja simwamini. Umio ukiwa umeziba kabisa, madaktari wawili hufanya kazi pamoja, mmoja juu na mwingine chini, kila mmoja akifuata mwanga wa mwenzake, na hapo uwezekano wa kutoboka huongezeka. Maumivu ya kifua, homa au shingo kuvimba baada ya kazi hiyo si mambo ya kusubiri kesho. Ulizeni pia kama kinyama kitachukuliwa kupimwa, kwa sababu kubana huko kunaweza kuwa kovu au saratani iliyorudi.

Binti wa Kiboriloni, Moshi
Ahsanteni sana. Je, uji wa usiku aupate?

Muuguzi, Njiro, Arusha
Usimamishwe kwa muda wa saa sita hadi nane kabla ya kamera kupitishwa, hata kama unapitia mpirani. Na kama anatumia dawa ya kuzuia damu kuganda, mwambieni daktari mapema.