Mwongoza wageni asiyejua Ngome Kongwe ilianza kama kanisa. Hela ya shemeji yangu irudi!

Wakuu, wasimamizi naombeni uzi huu msiuhamishie kule kwenye dini. Hauhusu dini. Unahusu hela ya mtu na uongo aliouziwa.

Shemeji yangu anafundisha historia sekondari huko Mwanza. Amejibana mwaka mzima, likizo hii akaja Unguja na mkewe na watoto wawili. Siku ya kutembezwa Mji Mkongwe mimi nilikuwa kazini, kwa hiyo wakachukua kijana kutoka kampuni moja ya hapa mjini. Jina ninalo, siliweki, msinifuate inbox. Mchana nikatoroka ofisini nikawakuta Ngome Kongwe. Bora ningebaki na mafaili yangu.

"Ngome hii waliijenga Wareno kuwazuia Waarabu," kijana anasema, mkono kiunoni.

Nikadhani nimesikia vibaya. Shemeji akauliza kwa adabu kabisa: "Mdogo wangu, si Waomani ndio walioijenga, baada ya kumtoa Mreno Mombasa?" Kijana akacheka. "Aa, mwalimu, hayo ya vitabuni." Ya vitabuni! Shemeji hakuchoka: "Na lile kanisa la Wareno lililokuwa hapa, mabaki yake yako upande gani?"

"Kanisa liko Mkunazini mzee wangu, hapa hapajawahi kuwa na kanisa. Tusianze udini."

Anayasema hayo tumesimama hatua chache tu kutoka kwenye ukuta wenyewe. Mtoto mdogo wa shemeji alikuwa ameuegemea, anakula embe bichi la pilipili na chumvi, vidole vyekundu. Ngome nzima ikachukua dakika kumi. Halafu tukapelekwa duka moja kule vichochoroni, huko tukakaa saa zima, na kijana akaamka ghafla, akajua historia ya kila kikoi. Mwenye akili ameshajua cha juu kinatoka wapi.

Sasa ngojeni niwape bure kitu ambacho shemeji alikilipia.

Wareno walijenga kanisa pale ufukweni kati ya 1598 na 1612. Likakaa karibu miaka mia. Mombasa ikazingirwa na Waomani tangu Machi 1696, na Ngome ya Yesu, ngome ya Wareno kule, ikaanguka Desemba 1698. Huku Unguja Malkia Fatuma alikuwa upande wa Wareno, na alijaribu kuwapelekea chakula waliozingirwa, jambo ambalo Waomani hawakulisamehe: walimchukua wakampeleka kwao. Kanisa nalo lilikuwa limekaa mahali pazuri, linaangalia bahari yote. Waomani wakazungusha kuta za ngome hapohapo, na mawe ya kanisa yakamezwa ndani. Ukiingia leo unayaona kwenye ukuta wa ndani, huhitaji darubini, unahitaji mtu wa kukuonesha tu.

Karne ya 19 ngome ikageuka jela, na waliohukumiwa kufa waliuawa nje ya ukuta wa mashariki. Miaka ya mwanzo ya 1900 wakaifanya bohari ya kujengea reli ya Bububu (ndiyo, Unguja ilikuwa na treni, waulizeni wazee). Mwaka 1949 ikakarabatiwa, uwanja wa ndani ukawa klabu ya wanawake, wanacheza tenisi! Hebu piga picha: pale alipofungwa mtu kwa minyororo, mama wa watu anakimbiza mpira na raketi. Baada ya Mapinduzi ikatupwa. Miaka ya 1990 ikatengenezwa tena, likawekwa jukwaa la wazi, ndipo likaja tamasha la filamu la ZIFF mwaka 1998 na lile la muziki la Sauti za Busara mwaka 2004. Mnaocheza muziki mle hadi usiku wa manane, mnacheza kwenye kiwanja cha kanisa.

Lakini kilichonipandisha presha hasa ni neno moja. Bibi yangu, Mungu amrehemu, hakuwahi kusema Ngome Kongwe. Yeye alisema Gereza. "Pita pale Gereza uniletee pweza." Nilipokuwa mdogo nikiogopa, najiuliza pweza gani anauzwa jela. Kumbe ajuza wa watu alikuwa na historia yote mdomoni. Mreno kanisa analiita igreja. Watu wa pwani wakalisikia kwa sikio lao, wakalitamka gereza, sawa na walivyochukua meza, bendera na mvinyo. Kanisa likamezwa na ngome, jina likabaki kwa ngome. Ngome ikafungiwa watu, jina likahamia kwa jela. Nendeni Kilwa Kisiwani, lile gofu la ngome wanaliita Gereza mpaka leo na hakuna mfungwa hata mmoja. Kondakta wa Dar anayepiga kelele "Gerezani, Gerezani!" anaita kanisa kwa Kireno, na wala hajui, wala simlaumu. Yeye halipwi kuyajua hayo. Yule kijana analipwa.

Nikaiandikia kampuni. Jibu la kwanza: "Asante kwa maoni yako, karibu tena." Nikaandika tena, safari hii kwa hasira. Bosi akanitumia ujumbe wa sauti, eti wageni hawapendi historia ndefu, na "mambo ya makanisa yanaweza kuwakwaza wenyeji."

Mwenyeji yupi? Mimi ni Muislamu, nimezaliwa Kikwajuni, nimesoma chuo kwa sheikh kabla sijaingia skuli. Imani yangu inapungua nini nikisema hapa walisali Wareno? Mbona Mkunazini kila kijana wa utalii anakwambia kanisa limejengwa juu ya soko la watumwa, hapo hakwaziki mtu? Kwa sababu inauza! Hili la Ngome Kongwe halina machozi ya kuuzia tiketi, basi linafutwa, na anayeuliza anaitwa mdini mbele ya watoto wake.

Nataka nusu ya hela irudi, na kijana ampigie shemeji simu amwombe radhi. Wiki ya pili sasa, kimya. Shemeji mwenyewe kaniambia niachane nayo, kashapiga picha ukuta atawaonesha wanafunzi wake. Mimi siachi.

Na wenye wageni msitupe hela. Jumamosi baada ya alasiri nitakuwa langoni Ngome Kongwe, nimevaa kofia nyeupe. Leteni watoto niwaoneshe ukuta, bure. Urojo tu mtaninunulia.