Kiturkmeni: kwa nini "salam" inasikika kama "thalam"?

Mdau_Nakuru: Wadau, salamu. Nina Kituruki kiasi na sasa nimeanza Kiturkmeni, lugha ya Turkmenistani. Maandishi yanasema *salam*, lakini kwenye sauti nasikia "thalam". Pia y na ý zinanichanganya. Nianzie wapi?

Lugha_Kisumu: Masikio yako ni mazima. S ya Kiturkmeni hutamkwa th ya "thelathini", na z ni dh ya "dhahabu". *Söz* (neno) huanza na th, huisha na dh. Hapo Mturuki hujikwaa, ilhali sisi huku tuna sauti hizo tayari. Ň nayo ni ng' ya "ng'ombe".

Panapoumiza kweli ni urefu wa irabu, kwa sababu hauandikwi. *At* fupi ni farasi. Ukivuta a, ni jina. *Ot* fupi ni nyasi, ikivutwa, moto. Kwa hiyo kila neno jipya lisikilize kabla ya kulikariri, la sivyo utazoea kosa.

Mwl_Kakamega: Ý ndiyo y ya "yai". Y tupu ni irabu, ile ı ya Kituruki: tamka u, kisha tandaza midomo kama ya i bila kusogeza ulimi. Mwaka kwa Kituruki ni *yıl*, kwa Kiturkmeni *ýyl*.

Baada ya hapo shika upatanisho wa irabu. Tazama irabu ya mwisho ya neno: ikiwa a, o, u au y, wingi huchukua -lar: *kitaplar* (vitabu). Ikiwa ä, e, i, ö au ü, huchukua -ler: *öýler* (nyumba). Kukanusha ni ma au me ndani ya kitenzi: *okaýaryn*, nasoma, *okamaýaryn*, sisomi. Msamiati hautakutisha: *wagt, habar, dünýä, hasap* utavitambua bila kamusi.

Mdau_Nakuru: Asanteni sana. Naweza kujizoeza na rekodi za Waturkmeni wa Iraki?

Lugha_Kisumu: Hapana, ndugu. Jina ni moja, lakini lugha yao iko karibu zaidi na Kiazabajani, na hiyo th hutaisikia. Tafuta sauti za Turkmenistani yenyewe. Kwa kusoma, chagua maandishi ya alfabeti ya Kilatini iliyopitishwa 1993. Vitabu vya kabla ya hapo, tangu 1940, ni vya Kisirili, herufi kama za Kirusi. Waturkmeni wa Irani huandika kwa herufi za Kiarabu.