Kahawa ya watu 20: itengenezwe vipi ili hata anayeipika akae na wenzake?

Mleta mada
Wakuu, habari zenu. Tarehe 1 Oktoba, Siku ya Kimataifa ya Kahawa, kikundi chetu cha watu 20 kitakaa pamoja kwa dakika 90 hivi. Mashine hatuna. Kuna sufuria kubwa, chujio la kitambaa na chupa mbili za chai za lita 1.5. Sitaki mtu mmoja abaki jikoni wakati wenzake wanazungumza. Vipimo vikoje, na itakaa mpaka mwisho bila kuharibika? Pia naomba jambo la kweli la kusema katika kuwashukuru wakulima.

Kinu
Kwa kikombe cha mililita 150 unahitaji lita 3 zilizo tayari. Anza na gramu 60 za unga wa kahawa kwa kila lita ya maji. Ila unga hufyonza maji karibu mara mbili ya uzito wake, na hayo huyapati tena, kwa hiyo chemsha lita 3.4 na uweke gramu 200. Tumia mizani. Kijiko hudanganya, maana kahawa iliyokaangwa sana ni nyepesi kuliko iliyokaangwa kidogo.

Saga siku hiyohiyo, chembe nene kama chumvi ya mawe. Ikiwa laini, uchungu utazidi na kitambaa kitaziba. Maji yakichemka, epua na usubiri dakika moja yashuke hadi nyuzi 92–96. (Kwenye mwinuko wa mita 1,500 maji huchemka yakiwa nyuzi 95 hivi, huko usisubiri.) Mimina unga wote, koroga mpaka ulowe kabisa, funika. Povu likiinuka vizuri ujue kahawa bado mpya: ni hewa ya kaboni iliyobaki ndani tangu ilipokaangwa. Dakika ya 4 vunja tabaka la juu kwa kijiko, kisha iache itulie dakika 5 unga uzame. Chota taratibu kwa upawa kutoka juu, upitishe kwenye kitambaa kilichosuuzwa kwa maji moto. Kitambaa usikikamue hata kidogo! Ukikikamua unasukuma vumbi lote na uchungu wake ndani ya chupa.

Upawa
Kinu kamaliza upande wa sufuria, mimi naongeza wa chupa. Zijaze maji ya moto dakika 10 kabla, yamwage, ndipo utie kahawa mpaka juu. Chupa yenye harufu ya chai ya jana itaharibu kazi yote. Ioshe kwa bikaboneti ya soda na maji moto usiku uliotangulia. Na tafadhali, kahawa isirudi jikoni kukaa juu ya moto. Harufu huruka, maji hupungua, na asidi zilizomo huendelea kuvunjika na kuleta ule ukali unaokwaruza koo. Kuongeza maji hakuiponyi. Ndani ya chupa, dakika 90 si tatizo.

Chupa moja iweke upande huu wa meza, nyingine upande ule. Vikombe vidogo ni bora kuliko vikubwa, kwa sababu mtu humimina tena, humpa na jirani yake, na mazungumzo huanzia hapo.

Mibuni
Kuhusu shukrani, tumia hesabu ya sufuria yako mwenyewe. Kupata kilo 1 ya buni mbichi iliyokauka kunahitaji kilo 5 hadi 6 za matunda, na ukikaanga uzito hupungua kwa asilimia 15 hadi 20. Kwa hiyo gramu 200 zenu ni kama kilo 1.2 hadi 1.5 za matunda. Matunda hayo hayaivi kwa pamoja hata kwenye tawi moja. Anayechuma kwa mkono huchagua mekundu, huacha mabichi, kisha hurudi tena na tena kwenye mti uleule. Mti wenyewe, ukiwa wa arabika (moja ya aina kuu mbili za kahawa, nyingine ni robusta), hungojewa miaka 3 au 4 kabla ya zao la kwanza. Yaseme hayo wakati vikombe vinajazwa, watu watayasikia.

Kinu
Msisahau wasiotumia kafeini. Kikombe kwa kipimo hiki kina miligramu 80–100 ikiwa ni arabika. Robusta ni karibu maradufu. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya inaweka mpaka wa miligramu 400 kwa siku kwa mtu mzima, na 200 kwa mjamzito. Tayarisheni chupa ndogo ya kahawa iliyotolewa kafeini, yenye alama, lakini vikombe viwe vilevile ili asiwepo wa kujiona katengwa.

Mleta mada
Asanteni sana wakuu. Maziwa nitie kwenye sufuria?

Upawa
Hapana, yawe pembeni. Yapashe moto hadi nyuzi 60–65, yasichemke, kila mtu ajitilie. Maziwa yakikaa ndani ya chupa pamoja na kahawa huganda pembeni, na kuisafisha ni shida.