Nyumba iko Kinyerezi, maji yalishaingia ndani: nilipie bima ya mafuriko au hela hiyo nijengee mtaro?

MamaNeema_Kny

Habari za humu ndani wakuu. Naomba ushauri, hasa kwa wanaoijua bima kwa undani na waliowahi kulipwa au kunyimwa.

Nina nyumba ya vyumba vitatu Kinyerezi, hapa Dar, ina ukuta kuzunguka. Tulijenga kwa mkopo wa benki na bado tunalipa. Mto uko mbali na sisi, nje kabisa ya zile mita 60 ambazo Sheria ya Mazingira inakataza kujenga, na miaka ya mwanzo hatukuwahi kuona maji. Lakini huko juu kumejengwa sana, kila uwanja umepigwa pevingi, maji hayana pa kunywewa. Masika ya 2024 yaliingia ndani mpaka usawa wa soketi. Wala hayakuanzia mlangoni. Yalibubujika kutoka chooni na kwenye tundu la bafu, meusi, na chemba ya nje mfuniko ulishanyanyuliwa. Makabati ya jikoni ya MDF yalivimba yakafumuka, vigae vya korido vikabanduka, magodoro tulitupa yote.

Sasa wakala mmoja amenipa bei ya bima ya nyumba yenye mafuriko ndani yake. Kwa mwaka inakaribia ada ya muhula mmoja ya mtoto wetu wa sekondari. Mume wangu anasema hela hiyo tujenge mtaro. Afisa mikopo naye anasema nisihangaike, nyumba ina bima tayari kupitia mkopo. Masika ndiyo hayo yanakuja. Nifanyeje?

Kidawa

Pole sana dada. Swali moja kabla watu hawajaanza kukushauri: hiyo bima ya mkopo umeishika mkononi ukaisoma, au umeambiwa tu kwa mdomo? Maana kwa mabenki mengi, bima wanayokukatia ni ya moto, na anayelindwa wa kwanza ni benki.

Mzee wa Madai

Binti yangu, nimefanya kazi kwenye bima miaka mingi, upande wa madai, sasa nimestaafu. Nakujibu kwa urefu kwa sababu jambo lako nimeliona likiumiza familia nyingi.

Bima ya kawaida ya nyumba hapa kwetu ni ya moto na majanga yanayoambatana nao. Mkataba wa msingi unabeba moto, radi na mlipuko. Mafuriko, dhoruba, tetemeko na bomba kupasuka ni nyongeza; yanaandikwa moja moja na yanalipiwa. Janga lisipoandikwa halimo, hata kama aliyekuuzia alitikisa kichwa kukubali. Kwa hiyo kauli ya "nyumba ina bima" bado haijakujibu. Omba nakala ya mkataba pamoja na jedwali lake, utafute neno mafuriko kwa kidole.

Ukilikuta, soma limeelezwaje. Hapo ndipo kesi nyingi zinapofia. Maji yaliyotoka mtoni au barabarani yakaingia ndani ni mafuriko, hilo halina ubishi. Maji yanayopanda taratibu kutoka chini ya msingi, unyevu unaokula ukuta kidogo kidogo, paa bovu linalovuja, hayo kampuni nyingi hawalipi. Maji yaliyorudi kwa njia ya chemba, kama ya kwako, yapo katikati, wengine wanayahesabu mafuriko, wengine wanasema ni mfumo wa majitaka. Kwako wewe hili ndilo swali la kwanza la kumuuliza wakala, na akujibu kwa maandishi.

La pili ni kiasi. Usiweke thamani ya kiwanja, ardhi haiunguzwi wala haisombwi ikaisha. Weka gharama ya kuijenga tena nyumba ileile kwa bei za leo za saruji, nondo na ufundi. Na usipunguze ili ada ya bima iwe ndogo, kwa sababu kuna kanuni ya wastani. Tuseme kuijenga upya ni milioni 120, wewe ukaandikisha milioni 60. Maji yakaharibu vitu vya milioni 20. Hulipwi 20, unalipwa 10, kwa kuwa uliandikisha nusu. Na hapo bado hawajakata kile kiasi cha mwanzo ambacho kila mkataba unakutaka ujibebee mwenyewe. Kwenye mafuriko kiasi hicho huwa kikubwa kuliko kwenye moto. Kiulize.

Nimeketi na watu wazima wakilia mezani kwangu kwa ajili ya hiyo kanuni. Hakuna aliyewaeleza siku wanasaini.

FundiBomba Segerea

Shemeji yuko sahihi kwa upande wake. Maji yaliyotokea chooni hayazuiwi na bima wala na ukuta. Kwenye bomba linalotoka ndani kwenda kwenye chemba wekeni valvu ya kuzuia maji yasirudi, na chemba iinuliwe kozi mbili tatu za tofali juu ya usawa wa uwanja, mfuniko ufungwe kwa boliti. Soketi zipandisheni juu. Jikoni mkirudia makabati, chini jengeni kwa tofali na vigae, milango tu ndiyo iwe ya mbao. Hii naifanya sana Segerea na Tabata tangu 2024 na wateja wangu wamelala usingizi mvua zilizofuata.

Mpwapwa1

Mimi siungi mkono bima. Hizo kampuni kukusanya ni wepesi, kulipa ni safari. Hela hiyo ya bima iweke UTT, ile mifuko ya uwekezaji wa pamoja, kila mwaka, ni yako, inazaa, mvua isiponyesha unabaki nayo. Na janga likiwa kubwa serikali haiwezi kuacha watu wake.

Kidawa

Mpwapwa1, kaka yangu, UTT ni nzuri na mimi ninayo. Lakini mafuriko hayasubiri mfuko wako ujae. Ukianza mwaka huu na maji yakaja mwezi wa nne, una ada moja tu mfukoni na nyumba nzima ya kukarabati.

Na kuhusu serikali: Desemba 2011 Dar ilipozama, watu wa mabondeni walipewa viwanja Mabwepande. Walishukuru, lakini kiwanja si nyumba, na waliacha kazi na shule za watoto mjini. Fidia ya mradi wa Bonde la Msimbazi ule wa mkopo wa Benki ya Dunia nayo ni ya wanaopisha mradi, haimhusu mtu wa Kinyerezi aliyeingiliwa na maji sebuleni. Mwezi Aprili 2024 Waziri Mkuu Majaliwa aliliambia Bunge watu 155 wamefariki kwa mvua zile na kaya zaidi ya 51,000 zimeathirika. Niambie, hazina gani inakarabati nyumba za kaya elfu hamsini?

Texas_Mbongo

Nawasalimu kutoka Houston. Niongeze kidogo, maana huku jambo hili limetufundisha kwa ukali.

Marekani bima ya kawaida ya nyumba haibebi mafuriko. Yana bima yake peke yake, na sehemu kubwa inatolewa chini ya mpango wa serikali kuu ulioanzishwa 1968. Kwa nyumba ya kuishi familia moja mwisho ni dola 250,000 kwa jengo na 100,000 kwa vitu vya ndani, na kwa kawaida ukilipia leo inaanza kufanya kazi baada ya siku 30, ili watu wasikimbilie kukata wakishasikia kimbunga kiko baharini. Kimbunga Harvey kilipopiga Agosti 2017, nyumba nyingi mno zilizoingia maji hazikuwa na bima hiyo. Jirani yangu, mama wa makamo, alikuwa na bima ya nyumba iliyolipiwa kila mwaka bila kukosa. Alitandaza makaratasi yake juu ya boneti ya gari, akayasoma mstari kwa mstari, akafika kwenye sentensi inayosema mafuriko hayamo. Ramani ilionyesha mtaa wetu hauko kwenye eneo la hatari, benki haikumlazimisha, na yeye akaona inatosha.

Kwa hiyo dada Mama Neema, usipime hatari kwa umbali wa mto. Umeshaona mwenyewe maji yanatokea wapi.

Nyakio_Nbi

Hata huku Nairobi 2024 ilikuwa hivyo. Serikali ilisema walio ndani ya mita 30 za mto waondoke, lakini estate nyingi zilizofurika ziko mbali na mto kabisa, ni mifereji tu imeziba. Kitu nataka kuongeza ni kwa wapangaji wanaosoma hapa: nyumba si yako lakini friji, TV, kitanda na nguo ni zako. Bima ya landlord haiwagusi. Mnaweza kukata ya vitu vya ndani pekee na bei yake iko chini sana ukilinganisha na ya jengo.

MamaNeema_Kny

Asanteni sana, Mungu awabariki. Leo nimeenda benki na nimepewa nakala. Mzee wa Madai, nimetafuta kwa kidole kama ulivyosema. Kuna moto, radi, mlipuko, na maandamano na fujo. Mafuriko hakuna popote. Na kiasi kilichoandikwa ni sawasawa na deni langu lililobaki, si thamani ya nyumba, mnufaika wa kwanza benki. Mikono ilinitetemeka pale kaunta. Yaani nyumba ingeondoka yote, benki ingechukua chake na mimi ningebaki na kiwanja.

Sasa naona kulipia ni lazima. Je, nikate bima nyingine au hii irekebishwe? Na ukuta wa fensi unaingia? Upande mmoja umeshainama.

Ustaadh Rajab

Kwa wanaosita kwa sababu za dini, takaful, yaani bima inayofuata misingi ya Kiislamu, ipo sasa nchini, Shirika la Bima la Zanzibar wanayo. Waulizeni nao kuhusu mafuriko kwa maswali hayahaya ya Mzee.

Mzee wa Madai

Binti yangu, umefanya jambo la maana kwenda kuishika karatasi.

Usikate mbili juu ya jengo moja. Ukipata hasara kampuni zitagawana fidia ileile na wewe utakuwa umelipa ada mara mbili. Iandikie benki barua, waombe bima iliyopo iongezewe mambo mawili kwa marekebisho ya mkataba: mafuriko, na kiasi kipande mpaka gharama ya kujenga upya. Benki itabaki mnufaika kwa deni lake, kinachozidi ni chako. Wakigoma, waambie unataka kuleta bima yako ya kampuni nyingine yenye jina lao kama mnufaika. Benki nyingi wanakubali. Vitu vya ndani viandikishe kando, orodha na picha.

Kampuni lazima itakutumia mkaguzi. Mwonyeshe alama ya maji ukutani na mweleze ya 2024 yote, usifiche. Ukificha na wakagundua, hulipwi hata senti. Akiona valvu ya FundiBomba imeshawekwa na mtaro umechimbwa, una nguvu ya kuomba nafuu kwenye ada au kwenye kile kiasi cha kujibebea. Kwa hiyo mumeo naye hajakosea, anzeni na valvu, ni rahisi kuliko mtaro.

Lipa kabla ya kuondoka ofisini, kwa sheria yetu bima haianzi mpaka ada imelipwa. Kava noti, ile hati ya kuthibitisha kuwa una bima, uihakiki mwenyewe kwenye TIRA MIS, mfumo wa mamlaka inayosimamia bima. Isipoonekana humo, huna bima. Maji yakija, piga picha na video kabla ya kudeki, toa taarifa siku hiyohiyo, na usitupe hata godoro mpaka mkadiriaji wa hasara ameliona. Likiwa linanuka, litoeni nje chini ya turubai. Wakikuzungusha, peleka malalamiko kwa maandishi kwa kampuni, kisha Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Ipo kwa ajili yenu.

Fensi: haimo mpaka itajwe kwa jina, na kampuni nyingi wanaikataa kwenye mafuriko. Huo upande ulioinama hawatauchukua hata ukiutaja. Ubomoe uujenge upya wenye matundu ya kupitisha maji chini, kisha omba uingizwe.

FundiBomba Segerea

Matundu hayo yawekwe nondo, panya na vibaka wasipite. Dada nitumie ujumbe inboksi nikupe vipimo vya chemba, umpe fundi yeyote wa karibu nawe.