Nafasi za setilaiti juu ya Ikweta: dai la Bogotá liliishia wapi?

Chekeche
Wakuu, Desemba 1976 nchi za Ikweta, zikiwemo Kenya, Uganda, Congo na Zaire, zilitangaza kule Bogotá kuwa mzunguko wa setilaiti uliopo kilomita 35,786 juu ya ardhi zao, ambako setilaiti huonekana imesimama mahali pamoja, ni mali yao. Ilikuwaje baadaye? Na nchi isiyo na setilaiti inalindaje nafasi yake leo?

Bendi_C
Kisheria dai lilikwama. Mkataba wa Anga za Juu wa 1967, kifungu cha 2, unakataza nchi yoyote kumiliki sehemu ya anga hizo. Ila mkutano wa ITU (shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano) wa Nairobi, 1982, uliongeza sharti kwamba mahitaji ya nchi zinazoendelea na mahali nchi fulani zilipo yazingatiwe katika kugawana mzunguko na masafa ya redio. Sharti hilo sasa limo katika kifungu cha 44 cha Katiba ya ITU. Mpango wa 1988 nao ukaitengea kila nchi nafasi.

Mtambo
Kutengewa hakutoshi, mkuu. Mwenzako akiomba nafasi jirani, ombi huchapishwa katika waraka wa ITU unaotoka kila wiki mbili. Katika mpango mwingine, wa utangazaji wa televisheni kwa setilaiti, kwa miaka mingi nchi iliyotajwa kuathirika ilikuwa na miezi minne ya kujibu. Ikinyamaza, ilihesabiwa imeridhia. Nafasi nyingi za Afrika zilichakaa kwa mwingiliano (mawimbi ya setilaiti kuvurugana) namna hiyo, mpaka mkutano wa Sharm el-Sheikh, 2019, ulipopitisha Azimio namba 559 kuziruhusu nchi husika kuomba nafasi mpya.

Chekeche
Na Rwanda, iliyoombea setilaiti zaidi ya 327,000 mwaka 2021?

Bendi_C
Hiyo ni ya mizunguko ya chini, iliyo karibu zaidi na Dunia, ina ratiba yake. Una miaka 7 tangu ombi kupokelewa kuanza kutumia masafa. Baada ya hapo, kwenye bendi kuu za mawasiliano, 10% ziwe angani ndani ya miaka 2, nusu ndani ya 5, zote ndani ya 7. Ukifika miaka 2 na setilaiti 100 tu, ombi linakatwa hadi 1,000.

Mtambo
Kule juu ya Ikweta sharti ni setilaiti moja kukaa mahali pake siku 90 mfululizo. Hata ya kukodi inakubalika, na hapo ndipo wenye fedha wanapotupita. Kabla ya kununua setilaiti, mdhibiti wa mawasiliano aajiri wahandisi wawili wa kusoma kila waraka, kukokotoa mwingiliano kwa programu ya ITU na kutuma pingamizi kwa maandishi ndani ya muda.